Boriti waliipata wapi?

Najua nimepotea. Mmoja wenu alinitumia meseji kuuliza kama nimedisko, mwingine akauliza kama nimeolewa. Hapana jamani, nipo. Mtwara ni ile ile, jua ni lile lile, na bumu limeshaisha kama kawaida. Nilibanwa na prezentesheni tu, na leo nataka niwasimulie, maana imenifundisha kitu ambacho hakimo kwenye desa lolote.

Kundi letu la somo la historia lilipewa mada ya ujenzi wa kanisa kuu la Florence, kule Italia. Watu watano, dakika 15, alama 20. Mimi nikaangukiwa na sehemu ya kuba. Nikakesha nakariri. Kanisa lilianza kujengwa mwaka 1296. Kufika mwaka 1418 kuta zimesimama, lakini katikati kumebaki tundu lenye upana wa kama mita 45, zaidi ya mita 50 kutoka sakafuni, na hakuna aliyekuwa na uhakika wa namna ya kulifunika. Yakatangazwa mashindano. Kazi akaja kuisimamia Filippo Brunelleschi, ambaye ufundi aliojifunzia ni usonara. Kuba likaanza kupanda mwaka 1420, likafungwa mwaka 1436. Miaka yote hiyo nikaiweka kichwani kama namba yangu ya simu. Nikajiona niko fiti.

Wikiendi kabla ya siku yenyewe nikaenda Msimbati kumwona Babu, ndiye aliyenilea. Babu alikuwa mchoma chokaa. Na hapa niseme ukweli wangu: tangu nianze kidato cha kwanza, kila nikijaza fomu, penye kazi ya mlezi naandika "mkulima". Nilikuwa naona aibu. Niliona chokaa ni kazi ya moshi na vumbi, ya mtu aliyekosa kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unapanga magogo duara, unayarundika matumbawe juu yake, unawasha moto na kukaa nao usiku kucha. Yakishaungua unayamwagia maji, yanachemka yenyewe na kuvunjika kuwa unga mweupe. Kwa unga huo Babu aliwasomesha watoto wake wote, baba yangu akiwemo. Ilipoanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000, akaacha. Hajawahi kulalamika. Anasema matumbawe ni nyumba ya samaki, na wao walikuwa wanaivunja ili wajenge za kwao.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba mke wangu. Shule inasemaje huko?"

Basi nikamwaga nondo zangu zote. Babu akasikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho. Siku hizi haoni vizuri, chokaa imemla macho. Nilipomaliza akaniuliza kitu kimoja tu.

"Mita arobaini na tano. Boriti waliipata wapi?"

Nikamwambia, Babu, lile kuba ni la matofali.

"Nimesikia ni matofali. Sasa tofali linakaa hewani? Udongo bado mbichi, linashikwa na nini?"

Wadau, nilikwama. Babu akacheka, akanieleza kwamba nyumba za mawe za zamani za pwani hii vyumba vyake ni vyembamba, mita 3 hivi au chini ya hapo, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki zaidi ya hapo bila kupinda. Fundi anaanza kwa kuuliza boriti, ndipo apime chumba.

Usiku nikarudi gheto, nikafungua kila kitu upya. Kumbe swali la Babu ndilo lililowasumbua Florence wenyewe! Kwa kawaida unajenga kwanza kiunzi cha mbao, unapanga matofali juu yake, yakishashikana unaondoa mbao. Kwa tundu kubwa vile, mbao za kutosha na zenye nguvu hiyo zilikuwa tatizo. Brunelleschi akasema atajenga bila kiunzi cha kutoka chini. Akafanya makuba mawili, moja ndani ya jingine. Matofali mengine akayalaza, mengine akayasimamisha katikati yake kama mifupa ya samaki, ili yaliyosimama yayabane yaliyolala yasiteleze kabla udongo haujakaza. Kila mzunguko ukikamilika unajishika wenyewe. Ndani akazungushia minyororo ya mawe na mbao, kama pete za pipa, kuba lisipanuke na kupasuka.

Hapo ndipo nikakumbuka Kilwa Kisiwani. Mwaka jana tulikwenda kwa ziara ya masomo, nikaishia kupiga picha. Ule Msikiti Mkuu ulipanuliwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, yule aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Kuba alilojenga hapo lilikuwa kubwa kuliko yote Afrika Mashariki mpaka karne ya 19. Baadaye paa la upanuzi ule likaanguka. Likajengwa upya wakati wa Sultani Sulaiman ibn Muhammad, ambaye wanahistoria wanamweka kati ya mwaka 1421 na 1442.

Hebu angalieni hiyo miaka! Florence wako juu ya kuba lao, na Kilwa mafundi wanasimamisha nguzo za pembe nane na kufunika paa kwa makuba madogo na matao, kwa tumbawe na chokaa. Nilivyoelewa mimi, jibu la Kilwa lilikuwa kuligawa paa vipande vipande, kila kimoja kisizidi upana ambao mbao zao zingeweza kuushika mpaka chokaa ikaze.

Siku ya prezentesheni nikaanza na "Boriti waliipata wapi?" Darasa likacheka, halafu likanyamaza likasikiliza. Tatizo ni kwamba nilipofika Kilwa dakika zikawa zimekwisha. Tukaambiwa mada ilikuwa Florence. Tumepata 13. Wenzangu wamenuna, mmoja mpaka leo hanisemeshi, na ana haki, nilikula dakika zake.

Ila kinachoniuma zaidi ni kingine. Magofu ya Kilwa yamo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981, na kuanzia 2004 mpaka 2014 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kuta kama zile zinataka chokaa. Saruji ni ngumu mno kwa tumbawe, inafungia unyevu na chumvi ndani, ukuta unameguka. Sasa mtu anayeijua chokaa kwa kuishika tu mkononi yuko Msimbati, macho yanaishia, na mimi nimemwandika mkulima miaka yote hii.

Likizo nakwenda na daftari na simu ya kurekodia. Matumbawe hatuyagusi, nataka maneno yake tu: moto uwe mkali kiasi gani, chokaa ikae muda gani, ichanganywe na nini. Na fomu ya muhula ujao nimeshaijaza: mchoma chokaa, mstaafu.

Haya wadau, na nyie semeni, kwenu nani mmemwandika "mkulima"? Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda, umeme ukiwepo.