BAMPA LA BABU

Nimekuwa kimya wiki mbili na kuna walioanza kuuliza kama gazeti limenipeleka mahali kusiko na mtandao. La hasha. Nilikuwa likizo Ntalikwa, nyumbani kwa babu, kata ya pembezoni katika Manispaa ya Tabora. Nilikwenda kulipa deni. Si deni la fedha, ni la bampa.

Mnaonifahamu mnajua habari za Land Rover ya babu. Ni 109, Series IIA ya mwaka 1968, bado ina taa zake mbili katikati, zimekaribiana kama macho ya bundi. Babu aliiendesha miaka mingi akiwa dereva, akiwabeba mabwana shamba wa tumbaku kwenda Sikonge na Urambo. Mwajiri wake alipoiuza kwa mnada akainunua yeye. Alisomesha watoto saba kwa gari lile. Mama yangu alipelekwa hospitali kunizaa akiwa ndani ya gari hilo hilo, na bibi mpaka leo hukumbusha kila mgeni kwamba "mume wangu huyu" nusura azaliwe njiani juu ya magunia.

Sasa linapumzika chini ya mwembe. Linawaka, linatembea, ila mwenyewe haendi nalo mbali.

Basi bwana, mwaka juzi mwezi wa tisa nikapata wazo. Nimfanyie mzee zawadi: gari lionekane jipya. Bampa lake lilikuwa la kijivu, limepauka, lina madoa meupe kama unga. Kingo za juu za bodi hivyo hivyo. Mimi, msomi wa chuo kikuu, nikaona uzee. Babu alipokwenda msibani kwa siku mbili, nikamwita fundi kutoka mjini. Akaja na grenda na jenereta, akakwangua bampa mpaka likang'aa kama kijiko, kisha tukapiga rangi ya silva. Nilimsimamia mwenyewe, kwa hiyo lawama ni zangu. Nikapiga picha, nikaweka Instagram, mkanipongeza wengi tu.

Babu aliporudi alilizunguka gari mara mbili.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nani amekuambia lilikuwa limezeeka?"

"Lilikuwa limepauka, babu."

"Hata mimi nimepauka. Nipige msasa."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaingia ndani akatoka na jembe la kale, lile linaloning'inia nyuma ya mlango, lililofuliwa na wahunzi na kuingia katika ukoo wetu kama mahari enzi ambazo mahari Unyamwezini ilihesabiwa kwa majembe. Ni jeusi, lina mng'ao wa mafuta ya nyonyo. Akaniwekea miguuni. "Hili nalo umelisahau," akasema, akaenda kulala.

Nilidhani ni hasira za kizee zitakazopita. Mvua za Novemba zikaanza, mimi nikiwa Dar nakimbizana na mikutano ya waandishi wa habari. Nilipopanda tena Tabora mwezi wa nne, rangi ya silva ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua, na chini yake kutu nyekundu imetambaa bampa zima. Babu alisema sentensi moja tu: "Limekaa zaidi ya miaka hamsini bila kutu, wewe umelipa kutu kwa masika moja." Tangu siku hiyo hakulipanda tena gari. Funguo akampa mjomba. Jamani, hilo ndilo lililoniuma.

Kazi yangu ni kuuliza maswali, nikaanza kuuliza. Niliwauliza mafundi bodi, wachomeaji na mhandisi mmoja aliyefanya kazi na vyuma maisha yake yote. Nikasoma pia. Niliyoyakuta yalinitia aibu.

Ule ukijivu haukuwa uzee. Lilikuwa koti. Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948 kwenye maonyesho ya magari ya Amsterdam, wakati Uingereza ina uhaba wa chuma kutokana na vita. Ndiyo maana bodi yake ni ya aloi ya alumini. Vipande vya chuma vilivyokaa nje, kama bampa, kingo za juu za bodi na ule wavu wa grili, vilichovywa kwenye zinki iliyoyeyuka. Ni kazi ile ile inayofanywa kwa mabomba ya maji na ndoo za bati. Zinki huyeyuka kwenye nyuzijoto 419, na kiwandani beseni lake huwekwa kiasi cha 450. Chuma kwanza huondolewa mafuta kwa magadi makali, kikaogeshwa asidi kutoa kutu, kikapakwa chumvi maalumu ya kusaidia zinki kushika, ndipo kinazamishwa. Zinki haikai juu kama rangi. Inaungana na chuma na kufanya tabaka la aloi katikati.

Unene wake kwa chuma kama cha bampa ni kama maikroni 70, yaani takriban unywele mmoja wa kichwa chako. Ni kidogo hivyo tu! Lakini zinki ina tabia ya mama mzazi: inakubali kuliwa kwanza ili chuma kisiliwe. Hata ukilikwaruza bampa mpaka chuma kionekane, zinki ya pembeni inaendelea kukilinda. Yale madoa ya unga na ule mpauko ni zinki iliyokutana na hewa na mvua, ikajitengenezea ngozi inayopunguza kasi ya kuliwa. Katika hewa kavu ya bara, mbali na chumvi ya bahari, hupungua chini ya maikroni moja kwa mwaka. Tabora iko mamia ya kilomita kutoka pwani. Pigeni hesabu wenyewe. Bampa la babu lilikuwa bado lina miaka yake mbele, na grenda ilimaliza yote kabla chai ya saa nne haijapoa.

Na rangi ya silva? Ile inafunika tu. Ikipata ufa mdogo, maji yanapita chini yake na hakuna wa kujitoa mhanga.

Hapa niseme kidogo kuhusu afya, kwa sababu kuna kijana alinitumia ujumbe kwamba yeye huondoa zinki kwa kuichoma na gesi. Ndugu yangu, acha. Ule moshi mweupe unaleta homa, baridi na kichwa kuuma usiku huo huo. Wachomeaji wanaijua, na wengi wataambia unywe maziwa. Maziwa ni mazuri, lakini hayazuii moshi kuingia mapafuni. (Na ninyi mnaochomoa grili ya Land Rover kuchomea nyama porini, nanyi mfikirie upya. Kwetu tumefanya sana, sasa nikikumbuka zile mbavu nachoka.)

Bolti na nati ndogo zina hadithi nyingine. Kwenye magari mengi ya Kiingereza ya miaka ile zilipakwa kadimiamu kwa umeme, nyingine zinki. Kadimiamu inazuia kutu vizuri sana, na ni sumu vizuri sana. Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye magari mapya yaliyoingia sokoni baada ya Julai 2003, isipokuwa matumizi machache. Kwa macho huwezi kuitofautisha na zinki kwa uhakika, hivyo kila bolti kuukuu mimi naihesabu kuwa nayo: hakuna brashi ya waya ikiwa kavu, hakuna grenda, glavu mkononi. Vumbi lake usilivute.

Tulizokuta zimeshakula kutu, koti lake limekwisha, tulizisafisha pale pale Ntalikwa kwa ndoo ya plastiki, maji, vijiko kadhaa vya magadi na chaja ya betri ya gari. Waya hasi unaushika kwenye bolti, waya chanya kwenye kipande cha chuma chakavu cha kawaida. Kisiwe cha pua, maana hicho kinatoa sumu ndani ya maji. Mapovu yanapanda, kutu inalegea, asubuhi unaisugua kwa mswaki. Fanyeni nje, mbali na moto, kwa kuwa mapovu yale ni hidrojeni. Bibi aliita "pombe ya vyuma" na akakataza ndoo ile isirudi jikoni. Mtu alinishauri nitumie ndimu. Ndimu inaondoa kutu kweli, na ukwaju unang'arisha shaba vizuri, lakini ukiweka asidi kwenye kitu ambacho bado kina zinki unakula zinki yenyewe. Ungekuwa unarudia kosa langu, ila polepole.

Baada ya hapo tukajaribu kuzirudishia zinki. Siki nyeupe, chumvi ya haluli, na zinki tuliyoipata kwenye maganda ya betri kuukuu za tochi, yaliyosafishwa vizuri ule unga mweusi ukatupwa mbali. Umeme kidogo sana, wa betri moja tu. Mara ya kwanza niliongeza nguvu kwa haraka zangu, ikatoka nyeusi na yenye mchanga mchanga kama masizi. Ya pili, kwa umeme mdogo na kugeuzageuza, ikatoka kijivu laini. Ni tabaka jembamba, si mwenzake wa ile ya kuchovya, hivyo tumezifunga ndani ya gari tu. Bolti za breki na usukani sikuzigusa. Chuma kigumu kikipitia asidi au umeme kinaweza kunywa hidrojeni na kuwa chepesi kukatika bila taarifa. Hizo nilinunua mpya, na sioni aibu.

Bampa lenyewe lilihitaji beseni. Nikalifungua, nikalipakia kwenye tumbo la basi mpaka Dar es Salaam, kondakta akinidai nauli kana kwamba ni abiria. Huko nako kila mtu ana ushauri. Jirani yangu mmoja alishika kiuno akasema, "Kwa nini usitie kromu kabisa? Litang'aa!" Kuna walionitumia picha za Land Rover za sherehe za harusi, bampa ni kioo cha kujitazamia. Sikatai, ni nzuri kwa harusi. Ila Land Rover ya babu haikuwahi kuwa na kromu siku hata moja, na kumvalisha mzee wa Ntalikwa suti ya kukodi halafu useme umemrudishia nguo zake, huo ni uongo tu.

Nikapata mahali wanapochovya vyuma vya ujenzi, wakakubali kuliweka bampa langu pamoja na mzigo wa mteja mwingine. Nililipa kwa uzito. Walinionya mambo mawili: rangi yote itoke kabla, na kama kuna sehemu yenye uwazi uliozibwa itobolewe, maana maji yakibaki ndani yakakutana na zinki ya moto yanalipuka. Nilisimama mbali nikaliona likizama bluu-bluu ya asidi na kutoka jeupe, likichuruzika kwenye kona. Sijui niseme nini. Nilifurahi kuliko siku niliyopata habari yangu ya kwanza ukurasa wa mbele.

Sasa ndiyo nililirudisha wiki mbili zilizopita. Nilifika Ntalikwa jioni, babu ameketi kibarazani na redio yake. Nikalishusha kwenye bodaboda tuliyoifunga kamba kila upande. Hakusema kitu. Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo, akagonga kwa ukucha, akasikiliza. Akapapasa zile tundu za bolti, akakuta tone la zinki lililogandia kwenye moja, akaliita "chozi".

"Hili umechovya," akasema.

"Ndiyo, babu."

"Sio rangi."

"Sio rangi."

Akaniuliza bei, nikamtajia. Akatikisa kichwa kwa namna ya wazee wanaokumbuka bei za mwaka 1975. Kisha akaniuliza kama nililia. Nikasema hapana. Bibi akadakia kutoka jikoni kwamba nililia, na nilimpigia simu.

Asubuhi yake nikachukua spana nilifunge. Akanizuia. Akasema linang'aa mno, litamdhalilisha mbele ya watu, watadhani amenunua gari la mtu mwingine. Nikamweleza kwamba zinki mpya hung'aa, baada ya miezi kadhaa ya hewa na mvua hupauka yenyewe. Akasema anajua, yeye alikuwa dereva kabla mama yangu hajazaliwa.

Kwa hiyo bampa limelazwa juu ya matofali mawili nyuma ya nyumba, karibu na banda la kuku, linasubiri mvua ya Novemba. Kuku wameshaanza kulipanda. Jembe limerudi nyuma ya mlango, na funguo za gari babu amezichukua kwa mjomba, zimo mfukoni mwake.