Karatasi safi haitoshi

Hapa Rusizi ukiomba kazi ya kuangalia watoto, utaulizwa karatasi ya kuonyesha hujahukumiwa. Unaiomba kwa Irembo. Ni vizuri. Lakini sisi wengi tumetoka Kongo juzi tu. Ile karatasi haijui tuliyofanya ng'ambo. Na mtu ambaye hakushitakiwa, yake ni safi pia.

Kumbukeni Ebola kwetu, 2018 mpaka 2020. Mwaka 2021 tume huru ilitaja watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono. 21 walikuwa wa OMS. Walikuja kusaidia!

Basi wakubwa wa mashirika, pigeni simu kwa waliotuajiri zamani. Waulizeni watoto pia. Mdogo wangu ana miaka tisa. Anayemfundisha aulizwe, hata kama ni rafiki yangu.