Daftari la Waliotutangulia

Msomaji kijana, yamkini waweza kutaja jina la babu yako, na la baba wa babu yako, bila kusita. Hapa Diff, katika Wajir Kusini karibu na mpaka wa Somalia, mtoto wa Kisomali hufundishwa abtirsi, yaani nasaba ya baba kwa baba, kabla hajajua kusoma. Nami nilifundishwa hivyo. Lakini ukiniuliza juu ya mmoja wa wazee hao, "Alikufa mwaka gani, na amezikwa wapi?" ulimi wangu huwa mzito. Nasaba hutunza majina, haitunzi tarehe. Tena hutaja wanaume tu. Wanawake waliowazaa hawamo.

Labda utasema, kuna faida gani kujua siku ya kufa kwa mtu aliyekwisha kuwa udongo? Faida ipo. Mjane hawezi kuchukua fedha za mumewe benki pasipo cheti cha kifo. Tena kwa miaka mingi vijana wa sehemu hii waliotaka kitambulisho walihojiwa habari za baba na babu zao, wakatakiwa kuonyesha karatasi ambazo wengi wao hawakuwa nazo.

Kwa nini hawakuwa nazo? Serikali ya Waingereza ilianza kuandikisha vifo katika Kenya mwaka 1904, lakini sheria ile haikuwalazimisha Waafrika. Kwao uandikishaji wa lazima ulianza mwaka 1963, ukaenda wilaya kwa wilaya hata ukaenea nchi nzima mwaka 1971. Basi mtu atafutaye cheti cha mchungaji aliyefia malishoni mwaka 1950 anatafuta kitu ambacho hakikuandikwa kamwe. Sheria ikishafika, nayo haina miguu ya kumfuata mfugaji kisimani.

Hata hivyo, njia haikufungwa. Nilipotaka kujua mwaka aliokufa babu yangu, Mungu amrehemu, nilimwendea shangazi yangu. Hakujua mwaka kwa hesabu, lakini alisema, "Alikufa baada ya jua kupatwa, kabla Dabadheer haijamaliza ng'ombe wetu." Maneno hayo machache yalikuwa hazina. Jua lilipatwa kaskazini mwa Kenya tarehe 30 Juni 1973. Dabadheer ni ukame mkubwa wa 1974 na 1975. Kwa hiyo kifo cha babu kilikaa kati ya vigingi viwili vilivyo karibu. Nikamwuliza mzee mwingine peke yake, ili mmoja asimfuate mwenzake kwa maneno. Naye akakitia mahali pale pale.

Wewe nawe waweza kutafuta vigingi vya jamaa yako: uhuru wa 1963, au mvua kubwa za 1997 zilizofuatwa na homa ya Bonde la Ufa katika Garissa na Wajir. Katika Nyaraka za Taifa mjini Nairobi zimo taarifa za maofisa wa wilaya wa zamani. Humo utakuta habari za visima, magonjwa na ugomvi wa malisho. Jina la babu yako huenda usilione, lakini waweza kuuona mwaka wake.

Usidhani kwamba upungufu huu ni wa jamaa moja moja tu. Mwezi wa Februari 1984 wanaume wengi wa Wajir walikusanywa na askari katika uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi wakauawa. Kwa muda mrefu serikali ilisema waliokufa ni 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika taarifa yake ya 2013, iliona kwamba yawezekana walikaribia 1,000. Tazama umbali uliopo kati ya hesabu hizo mbili! Ndani ya umbali huo wamo baba za watu. Pasipo orodha ya majina, mtu aliyeuawa aweza kukanushwa kana kwamba hakuwahi kuishi.

Kwa hiyo nunua daftari, hata la bei ndogo. Kwa kila marehemu andika jina lake, jina la mama yake, msimu aliokufa, mahali alipozikwa, na jina la aliyekupa habari. Anza na aliye mzee kuliko wote nyumbani kwenu, maana yeye hatakungoja. Na msiba ukitokea nyumbani leo, wakumbushe wakubwa wako kumpasha habari naibu wa chifu mapema. Kifo kikipitisha miezi sita hakiandikishwi ila kwa idhini ya msajili mkuu.

Kazi hii haihitaji elimu kubwa. Yahitaji masikio yenye adabu na kalamu yenye wino, navyo vyote viwili unavyo.