Mlima wa Mbao wa Copenhagen

Denmark ni nchi isiyo na mlima. Kilele chake cha asili kilicho juu kuliko vyote, Møllehøj, kina mita zipatazo 171 tu kutoka usawa wa bahari. Wengi wetu tungekipita bila kugeuza shingo. Basi watu wa Copenhagen walijijengea mlima wao kwa mbao. Ulifunguliwa mwaka 1914 ndani ya bustani ya Tivoli, jirani kabisa na stesheni kuu ya treni, na hadi leo vigari vyake vimejaa abiria wanaopiga mayowe. Wenyewe huuita Rutschebanen. Kwetu mchezo wa namna hii hujulikana kwa jina la rola kosta, na huu ni miongoni mwa mikongwe kuliko yote duniani inayofanya kazi.

Bustani yenyewe ina umri mkubwa zaidi. Ilifunguliwa tarehe 15 Agosti 1843 na Georg Carstensen, Mdenmark aliyezaliwa Algiers. Majengo yake ya mwanzo yaliiga, au tuseme yalikisia, usanifu wa Mashariki. Mgeni Mwislamu aingiapo leo hulakiwa na jengo la Nimb la mwaka 1909, lenye sura ya kasri la Kimaghribi, na watoto huweza kudhani kuwa wameuona msikiti. Ni hoteli na migahawa. Tabasamu, kisha endelea na safari yako.

Kwa vipimo vya siku hizi, mlima huu si mrefu, na kasi yake ya kilomita hamsini na kitu kwa saa haimshtui kijana aliyezoea mitambo ya chuma. Jambo linaloutofautisha ni mtu. Katika kila treni huketi mfanyakazi mmoja aliyeshika mkono wa breki. Mtambo huivuta treni hadi juu, kisha uzito wake wenyewe huiporomosha. Kuanzia hapo, ni yeye anayeamua ikimbie kiasi gani katika kila mteremko.

Kazi hiyo haifanywi kwa mazoea matupu. Treni iliyojaa watu wazima haishuki sawasawa na ile iliyobeba watoto watano. Mvua huifanya reli iteleze, na mbao zenyewe hufura kwa unyevu na kunywea kwa jua. Mshika breki lazima ayahisi hayo yote mwilini, safari baada ya safari, huku nyuma yake watu wakicheka. Akikaza mno, treni itakosa nguvu ya kukipanda kilima kinachofuata. Akilegeza mno, itaingia konani kwa kasi isiyofaa.

Huko Klampenborg, kaskazini mwa jiji, iko bustani ya Bakken yenye rola kosta yake ya mbao ya mwaka 1932. Nayo ilikuwa na washika breki, mpaka ilipokarabatiwa katika karne hii na mitambo ikashika nafasi yao. Wenye kuitetea hatua hiyo wana hoja: mtambo hauchoki, wala haujiwi na mawazo ya nyumbani. Mzazi anayempandisha mwanawe hawezi kuidharau hoja hiyo. Hata hivyo, mimi nimo upande wa Tivoli. Mtoto anayeporomoka huku akimwona mtu mzima mbele yake, ametulia, mkono kwenye breki, hupata utulivu ambao tangazo la usalama lililobandikwa langoni haliwezi kumpa. Naye mtu huyo anashuka pamoja naye. Likiwafika jambo, linamfika na yeye.

Akina mama wenye mitandio waibane kwa pini kabla ya kuketi, kwa kuwa upepo wa mteremko wa kwanza hauna adabu. Na aliye na mtoto mwoga amtafutie kiti kilicho karibu na mshika breki, mahali ambapo atauona ule mkono.