Kutoka Udongo wa Kichuguu hadi Marumaru

Katika ukoo wetu, kabla ya kizazi changu, hakuna mtu aliyewahi kuchagua sakafu. Bibi alikanyaga udongo kwa sababu udongo ndio uliokuwapo. Baba alipiga niru kwa sababu saruji ndiyo iliyopatikana, tena kwa taabu. Mimi ndiye wa kwanza kusimama dukani mbele ya marumaru zilizopangwa ukutani kutoka chini hadi juu, nikaulizwa ninataka ipi. Nyumba yetu ya Kibaha ilikuwa imekwisha kupauliwa na kupigwa plasta, jamvi la zege limekauka, na mume wangu alikuwa ameniachia kazi hiyo. Nimeifikiria sana tangu wakati ule, kwa maana anayechagua sakafu anaamua jinsi watu watakavyokaa ndani ya nyumba.

Nyumba ya bibi ilikuwa Muheza, ya miti na udongo, imeezekwa makuti. Sakafu yake ilikuwa kazi ya mikono ya wanawake. Udongo ulichotwa kwenye kichuguu, kwa kuwa mchwa huuchambua na kuushikamanisha, na ukikauka huwa mgumu kuliko ule wa shambani. Ulipondwa, ukachekechwa, ukaloweshwa, kisha ukatandazwa na kushindiliwa kwa kipande cha ubao mpaka ukatulia. Mwisho bibi alisiriba juu kwa udongo laini, akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, kiganja kikiacha nusu duara moja baada ya nyingine. Shimo likitokea, mtoto alitumwa kuleta udongo, na jioni ile ile limezibwa. Kabla ya kufagia alinyunyiza maji ili vumbi lisitimke.

Siisifu dhiki. Sakafu ile ilikuwa na unyevu wakati wa masika, funza walijificha humo, na kuisiriba kulimuumiza bibi mgongo mpaka uzeeni. Ila aliijua yote, kila kona, na aliweza kuitengeneza bila kumwita fundi wala kutoa senti.

Baba alifanya kazi Tanga mjini, na katika miaka ya 1980 alianza kujenga nyumba ya matofali. Kiwanda cha saruji cha Pongwe, nje kidogo ya mji, kilikuwa kimeanza kazi mwaka 1980, lakini kukaa jirani na kiwanda hakukumsaidia mtu kupata mfuko. Saruji ilikuwa adimu nchi nzima na ilitolewa kwa kibali. Nakumbuka mifuko iliyolazwa chumbani juu ya mbao, mbali na ukuta, maana saruji ikipigwa na unyevu huganda ndani ya mfuko na fedha imepotea. Baba alikuwa akiigusagusa kila jioni kabla ya kulala.

Saruji ilipotosha, sakafu ilipigwa niru. Fundi alimwaga zege jembamba, na lingali bichi akalinyunyizia saruji tupu na kulilainisha kwa mwiko wa chuma hadi likang'aa. Sebuleni alichanganya unga mwekundu, vyumbani akaacha kijivu, kwa kuwa rangi haikutosha. Kila Jumamosi mama alipaka nta, nasi watoto tulikalia kipande cha blanketi kuukuu tukivutana huku na huku mpaka sakafu ikatoa mng'ao. Baba alikuwa na ndoto nyingine. Alikuwa amekanyaga terazo kwenye benki na hospitali: vipande vya mawe ya rangi vilivyochanganywa na saruji, vikasuguliwa kwa mashine hadi vikawa laini, kila eneo limetengwa kwa ukanda mwembamba wa shaba ili sakafu isipasuke ovyo. Niru yetu haikuwa na ukanda wowote, nayo ilipasuka kutoka mlangoni hadi dirishani. Ufa ulizibwa mara nyingi, na kila kiraka kilibaki na rangi yake.

Baba alipofariki, viti vyote vilitolewa sebuleni na mikeka ikatandikwa. Kinamama wa mtaa walikaa juu ya niru ile usiku na mchana, migongo ikiegemea ukuta, miguu imenyooshwa, watoto wamelala katikati yao. Hapo ndipo nilipoiona sakafu kwa mara ya kwanza. Katika nyumba zetu, jambo zito huwateremsha watu chini. Tunaswali chini, tunakula sinia moja chini, mwali hufundwa chini, usiku wa joto tunalala chini, na msiba ukiingia tunakaa chini pamoja. Samani ni za siku za kawaida.

Marumaru zenyewe nilizifahamu miaka ya 1990, kwa shangazi yangu Magomeni, Dar es Salaam. Zilikuwa ndogo, nyeupe, na zilibandikwa ukutani bafuni tu. Wageni walipelekwa kuziona. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, makontena yakateremshwa bandarini, na Kariakoo ikajaa mabomba, masinki na marumaru. Taratibu zilishuka kutoka ukuta wa bafu hadi sakafu ya sebule. Kwanza zilikuja za sentimita 30 kwa 30 zenye maua, halafu za 40 kwa 40 zenye michirizi ya kuiga jiwe, kisha za 60 kwa 60 zinazong'aa kama maji ya birika. Kila ukubwa ulipoingia, uliotangulia ulionekana wa kizamani.

Mwongo wa 2010 ulileta badiliko kubwa zaidi: viwanda vya marumaru vilifunguliwa mkoani Pwani, Chalinze na Mkuranga. Malori yaliyosheheni maboksi sasa hupita Kibaha kwenye Barabara ya Morogoro kila siku. Kitu kilichoitwa anasa ya watu wa Dar kikafika kwa mwalimu, muuguzi na mwenye duka la rejareja. Hilo linanifurahisha kwa moyo wote. Mtoto wa leo hatolewi funza mguuni kwa sindano, na mama yake hashindi Jumamosi amepiga magoti.

Dukani, muuzaji alinielekeza moja kwa moja kwenye zile nyeupe zinazong'aa. Mume wangu alizipenda. Fundi wetu, mzee wa makamo aliyeanza kazi kwa kupiga niru, alinivuta pembeni.

"Dada, nyumba hii mtakaa na nani?"

"Na watoto. Na mama yangu anahamia kwetu kutoka Tanga."

"Basi mlete mama."

Tulimleta. Fundi aliomba marumaru mbili zilazwe chini, moja ya kung'aa na moja iliyofifia yenye chembechembe unazozihisi kwa kidole, akazimwagia maji ya chupa. Mama alivua kandambili. Kwenye ile ya kwanza alinishika mkono kabla hata hajaweka uzito wake wote. Kwenye ya pili alisimama, akageuka, akasema, "Hii hapa, mwanangu. Hii hainitishi."

Siku hiyo fundi alinifundisha mengi. Aligeuza marumaru na kumwaga tone la maji mgongoni. Ile ya kawaida ililinywa palepale. Ile ya kaure, ambayo hunywa maji yasiyozidi nusu ya asilimia moja ya uzito wake, iliacha tone limekaa. Inayokunywa maji huloweshwa kwanza, kisha hushika vizuri kwenye uji wa saruji. Ya kaure hainywi, kwa hiyo inadai gundi yake maalumu, na wengi wanaolalamika kwamba marumaru zimebanduka walizilaza kwa saruji tupu. Alinionyesha kipimo cha PEI, kinachoanzia 1 hadi 5 na kueleza jinsi uso unavyostahimili kusuguliwa na nyayo zenye mchanga. Kwa sebule inayopokea watu moja kwa moja kutoka uwanjani alishauri 4. Akanisomea namba ya mkupuo kwenye boksi: rangi hutofautiana kidogo kutoka uchomaji mmoja hadi mwingine, kwa hiyo maboksi yote ya chumba kimoja yatoke mkupuo mmoja.

Tulipiga hesabu pamoja. Boksi la marumaru nne za 60 kwa 60 linafunika mita za mraba 1.44. Sebule ya mita 5 kwa 4 ni mita za mraba 20, ongeza asilimia kumi ya kukata na kuvunjika, unapata maboksi 16. Nilinunua mengine ya akiba juu ya hayo. Kwa bibi, kiraka kilikuwa umbali wa kichuguu. Kwangu, mkupuo ukishaisha hauchomwi tena, na anayetupa maboksi yaliyobaki atakuja kubandika kiraka cha rangi nyingine, kama baba na ufa wake.

Wakati wa kulaza nilishinda pale nikitazama. Fundi alivuta kamba katikati ya chumba, akatandaza gundi eneo lote badala ya kuweka madonge matano chini ya kila marumaru, akagonga kila moja kwa nyundo ya mpira na kuipima kwa pima maji. Madonge huacha uwazi chini, na mguu wa kabati ukitua penye uwazi marumaru hupasuka. Bafuni aliinamisha sakafu kuelekea tundu la maji, kama sentimita moja na nusu kwa kila mita. Binti yangu alijifunza kwake kugonga kwa ncha ya kidole na kusikiliza: iliyoshika hutoa sauti nzito, iliyoachana hutoa sauti tupu. Nilifurahi kumwona akiijua sakafu ya kwao tangu siku ya kwanza, kama bibi alivyoijua yake.

Mume wangu sasa anaipenda ile iliyofifia, rangi ya mchanga. Haionyeshi vumbi la kiangazi, mkeka hautelezi juu yake, na mama huamka usiku kwenda bafuni peke yake. Wageni hawaisemi sana, nami sioni kwamba nimepungukiwa. Sakafu inayosifiwa na wageni kwa saa moja inabaki na wenyeji miaka thelathini.

Kwa hiyo, unayejenga sasa na unakaribia hatua hii, usiende dukani peke yako wala usipeleke macho tu. Nenda na mkubwa kuliko wote utakaoishi nao. Mwombe avue viatu, mwaga maji kidogo, mwache asimame. Akisimama bila kutafuta mkono wa mtu, lipa.