Mguu, Mguu, Kofi

Nina deni kwa mdogo wangu, na insha hii ni njia yangu ya kulilipa. Miaka sita iliyopita aliniuliza swali ambalo sikujua jibu lake, nami nikamjibu kama mtu anayejua.

Sisi ni watu wa Rwimbogo, wilayani Rusizi. Mdogo wangu ni kiziwi tangu utotoni. Nyumbani tulizungumza naye kwa ishara tulizobuni wenyewe. Kuinamisha shingo kama mtu aliyejitwika beseni kulimaanisha soko la Bugarama, ambako mama huuza sambaza. Kuchora hewani kwa kidole kulimaanisha shule. Mpira wa miguu aliupenda kuliko sisi sote, lakini siku za mechi alikaa peke yake nyuma ya goli, kwa sababu wengine walipoimba yeye aliona midomo tu.

Siku moja shule yetu ilicheza na shule jirani. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na kando ya uwanja palijaa tope, kwa hiyo wanafunzi wengi tulipanda kwenye jukwaa la mbao lililokuwa limejengwa kwa ajili ya sherehe. Nilimvuta mdogo wangu naye akapanda. Tulipofungwa bao la kwanza, kiongozi wa washangiliaji aliinua mkono, nasi tukaanza: mguu, mguu, kofi. Mguu, mguu, kofi. Mbao zilitetemeka. Mdogo wangu alitazama chini kama mtu aliyekanyaga kitu chenye uhai. Kisha akaanza kupiga pamoja nasi, na hakukosea. Tulifungwa mabao mawili bila kujibu, lakini yeye alirudi nyumbani akicheka njia nzima.

Hapo njiani ndipo aliponiuliza: nani ametengeneza kile? Nilijipiga kifua nikamwonyesha shule yetu. Sisi. Ni chetu.

Alinisadiki. Mwaka uliofuata alipelekwa shule ya bweni ya viziwi, mbali na kwetu, akawafundisha wenzake mapigo yale na kuwaambia kwamba yametoka kijijini kwake. Mwanafunzi mmoja mkubwa, aliyekuwa ameona video kwenye simu, akamwonyesha Wazungu wakipiga vilevile mbele ya umati. Walimcheka muhula mzima. Aliporudi likizo hakuniinulia mkono hata kunisalimu, na hakuna aliyejua sababu mpaka mama alipomdadisi. Mimi nilicheka kidogo, nikapuuza.

Zamu yangu ilikuja baadaye, nilipoanza chuo. Mwenzangu wa chumbani, kijana wa Kigali, alifungulia spika yake jioni moja, nami nikaruka kitandani: "Huo ni wimbo wa shuleni kwetu!" Alicheka mpaka akashika tumbo. Usiku ule nilimkumbuka mdogo wangu, na sikucheka tena. Nikaanza kutafuta jibu ambalo ningepaswa kumpa.

Wimbo huo unaitwa "We Will Rock You", wa bendi ya Queen ya Uingereza. Ulitoka mwaka 1977, pamoja na "We Are the Champions", kwenye santuri moja. Aliyeutunga ni mpiga gitaa, Brian May. Yeye amesimulia kwamba mwaka huohuo, baada ya onyesho lao moja katikati ya Uingereza, watazamaji walikataa kuondoka wakabaki wakiimba wenyewe. May akajiuliza: watu waliobanana hivi, wasio na chombo chochote mkononi, wanaweza kufanya nini? Wanaweza kukanyaga chini, kupiga makofi na kuimba. Akatunga wimbo wa vitu hivyo vitatu.

Ndiyo maana wimbo huo, ingawa ni wa muziki wa roki wenye kelele nyingi, karibu wote hauna ngoma wala gitaa la besi. Gitaa la May lenyewe linangoja mpaka mwishoni. Waliurekodi London, katika studio iliyokuwa zamani ukumbi wa kanisa, wakikanyaga mbao kuukuu na kupiga makofi, kisha wakarudia mara nyingi na kupandanisha sauti hizo. May alikuwa amesomea fizikia. Alipanga sauti zirudi kwa kuchelewa kidogokidogo, kwa vipimo vya namba tasa, ili sikio lisidhani ni mwangwi bali ni maelfu ya watu waliosimama mbali na karibu. Niliposoma habari za mbao zile nilifunga kitabu kwanza. Mdogo wangu alikuwa ameujua wimbo kwa njia ileile uliyotengenezwa.

Kisha nikapata habari iliyotaka kunirudisha kwenye kosa langu. Mwimbaji wa Queen, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India, na baba yake alikuwa keshia wa serikali ya kikoloni. Akiwa mtoto alipelekwa shule ya bweni India, akarudi Zanzibar akiwa kijana, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ilihamia Uingereza. Nilifurahi mno. Nilitaka kumpigia mama simu amwambie mdogo wangu: umeona? Ni chetu, mwimbaji ni wa Uswahilini!

Lakini sikupiga. Freddie si mtunzi wa wimbo huu, na alipokuwa mashuhuri hakuwa na mazoea ya kuzungumzia Zanzibar. Leo kuna jumba la makumbusho yake Mji Mkongwe, na Wazanzibari wana haki ya kulifungua, kwa kuwa kuzaliwa kwake huko ni kweli. Mimi wa Rwimbogo nikidai wimbo kwa sababu ya kitanda alichozaliwa mwimbaji, nitakuwa nimesema uongo uleule kwa maneno ya kisomi.

Nilichoweza kukidai kwa haki kilikuwa kingine. Wimbo huu uliachwa nusu kwa makusudi, ili nusu ya pili ifanywe na waliohudhuria. Ndiyo maana umesafiri kuliko nyimbo nyingi zilizo bora kuliko huo. Tarehe 13 Julai 1985 Queen waliupiga katika uwanja wa Wembley, kwenye tamasha la kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia, na umati ukaufanya wake. Freddie alifariki mwaka 1991, lakini wimbo haukumfuata kaburini. Mwaka 2012 May aliupiga kwenye sherehe za kufunga Olimpiki London, na mwimbaji mwingine kabisa. Viwanjani hauhitaji hata mwimbaji. Umefika mpaka kwetu bila jina lake, bila maneno yake, bila bendi yake. Mapigo matatu tu yalifika, na yalitosha.

Likizo iliyopita nilikwenda na mdogo wangu uwanjani. Jukwaa limeoza upande mmoja, tukasimama upande uliobaki. Siku hizi anajua lugha ya ishara ya shuleni, na mimi ndiye ninayebabaika. Nilimwambia: nilikudanganya. Sikujua, nikasema najua. Walicheka wewe, walipaswa kunicheka mimi. Kisha nikamweleza habari ya Waingereza na mbao zao. Alinitazama mikono kwa muda mrefu. Akauliza jambo moja: kwa nini hawakutumia ngoma? Nikajibu: ili asiye na ngoma naye apige.

Akaniashiria nianze. Nikapiga mguu, mguu, kofi, mguu, mguu, kofi. Akanisimamisha kwa mkono, akatikisa kichwa. Akapiga yeye, taratibu, akinionyesha kwamba baada ya kofi pana nafasi tupu, sawa na pigo moja, kabla ya mguu kurudi. Mimi nilikuwa naikimbilia.

"Ninyi mnaosikia," aliniambia kwa mikono, "mnaona pale hakuna kitu. Pale pana kitu. Ngoja."

Tukaanza upya, nami nikangoja.