Mifuko ya kete, na leso iliyosema nisichokusudia

Najua niliahidi kumalizia makala ya hifadhidata, lakini leo naomba radhi, nitaongea kuhusu ushonaji. Naam, ushonaji. Msicheke kwanza.

Wanaofuata michezo ya mezani kama Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974, wanajua kwamba wachezaji wake hushona vifuko vya kutilia dadu, kila mtu na chake, chenye jina au alama aipendayo. Nilipoona picha za vifuko hivyo nikajisemea: sisi hapa Mtwapa hatuna dadu za pande ishirini, lakini kete tunazo.

Jioni, nikishafunga kompyuta, huenda barazani kucheza bao. Kwa wasiolijua, bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji ana kete 32, lakini mwanzoni hupanga 10 tu: 6 kwenye nyumba, na 2, 2 katika mashimo mawili yaliyo kulia kwake. Zile 22 hubaki nje, ukiingiza moja kila zamu yako ikifika. Hiyo ndiyo namua. Zikiisha zote, mchezo unaingia kwenye mtaji.

Sasa, kete zetu ni komwe, na komwe 22 hazikai kiganjani. Watu huziweka mapajani au mchangani. Na mtu aliyesomea kompyuta ataupenda mchezo huu kwa jambo moja: kete iliyoliwa haitoki nje, huingia upande wa aliyeila. Kwa hiyo ukihesabu wakati wowote lazima upate 64. Ukipata 63, kuna hitilafu mahali. Kule Maastricht, Uholanzi, mwaka 2002 watafiti walieleza jinsi ya kuifundisha kompyuta kucheza bao. Kompyuta haipotezi kete. Sisi tulipoteza moja, na nusura wazee wawili waitane wezi.

Basi nikaamua kushona mifuko sita, kila mwenzangu na wake, kila mmoja na komwe 32 zilizohesabiwa. Mama ana cherehani ya mguu, na leso kuukuu hazikosekani nyumbani.

Mfuko wa kwanza ulinitia aibu. Nilipima komwe zikiwa zimetandazwa mezani, nikakata kitambaa kwa kipimo hicho hicho. Nilisahau kuwa mfuko ukijaa unavimba, na kwamba mshono wenyewe unakula kitambaa kila upande. Ziliingia 19. Wa pili nikaongeza sentimita 4 kila upande, nikakunja ukingo wa juu nikaupitishia kamba ya kiatu, na zote 32 zikaingia. Siri ni kushona kitambaa kikiwa ndani nje, kisha kukigeuza, na kurudia mshono wa chini mara mbili, maana komwe ni nzito.

Nilikata pale penye maandishi, ili kila mfuko uwe na maneno yake. Niliona ni werevu mkubwa: sihitaji kudarizi majina, leso imeshaniandikia. Nikachagua kwa rangi.

Wote walifurahi isipokuwa mmoja, rafiki yangu tangu tukiwa wadogo. Yeye nilimpa wa rangi ya samawati, kwa kuwa ndiyo aipendayo. Maneno yake: "Usisafirie nyota ya mwenzio." Aliyasoma, akayasoma tena, akasema "Ahsante, nimekuelewa," akaondoka bila kucheza. Kesho yake hakuja. Wiki ikapita, simu hapokei.

Nilimweleza mama. Akauliza maneno yalikuwa gani. Nilipomwambia, akaacha kuchambua mchicha. "Mwanangu, mwanamke akienda kununua leso husoma jina kwanza, rangi baadaye. Mtu anaweza kuvunja ujirani kwa leso moja bila kufungua mdomo. Wewe umempa yule maneno hayo, na unajua anatafuta nini?"

Nilijua. Mwaka mzima alikuwa akijifunza kuandika programu kwa sababu aliniona mimi nimepata riziki humo. Nilimfundisha mwenyewe, usiku, kwenye kompyuta yangu ya zamani. Alikuwa ameshaomba kazi mara tatu na kukataliwa zote. Halafu mwalimu wake anamletea zawadi inayosema asifuate nyota ya mwenzake.

Wenzangu wa fani hii mtanielewa. Tumezoea kuandika programu inayomwita mtumiaji kwa jina lake, tukadhani tumemjali. Lile ni jina tu, limechukuliwa kwenye jedwali. Hata mimi nilijua rangi anayoipenda, nikajiona namjua, na sikufikiria hata dakika moja atakayoyasoma akiwa peke yake usiku.

Nilienda kwao na shikamoo mdomoni kwa mama yake, nikakaa na rafiki yangu kibarazani. Nikamwambia ukweli mtupu: sikuyasoma. Alinyamaza kitambo. "Wewe husomi?" akauliza. "Mbona kwenye programu zangu unaona hata nukta iliyokosekana?" Sikuwa na jibu. Hakucheka, lakini alinisindikiza hadi njiani.

Jumamosi iliyofuata tulienda pamoja dukani. Alizisoma leso moja moja, muuzaji akaanza kuchoka. Mwishowe akachukua yenye maneno "Akiba haiozi." Akasema ni kwa ajili ya zile 22 za namua. Labda alikuwa na maana nyingine pia. Safari hii sikukurupuka kutafsiri. Alikata mwenyewe, mimi nikashona.

Sasa anacheza tena, na Jumanne na Alhamisi usiku tunaendelea na masomo. Kazi bado hajapata.

Ukitaka kushona wako, anza na kipande cha sentimita 20 kwa 40, ukikunje katikati. Lakini kabla hujashika mkasi, soma leso. Kisha isome tena kama atakavyoisoma utakayempa.

Makala ya hifadhidata yaja, inshallah.